Jina Kama Lilivyo kwenye Cheti

Saa tatu usiku nashusha shata nusu,
upepo wa Ng'ong'ona usinimwagie vumbi kwenye printa.
Mchana nimejaza fomu za watu kumi na wanne:
mkopo, ajira, leseni ya pikipiki,
mia tano kwa ukurasa, picha ndogo elfu mbili.
Sasa nakaa upande wa mteja,
kwenye kiti kile chenye mguu mfupi,
najihudumia.

Shahada ya Umahiri, Sayansi ya Kompyuta.
Dirisha linafungwa kesho saa sita usiku.
Namba ya malipo nimeshailipia kwa simu,
hela ya kodi ya fremu, mwenye nyumba asisikie.
Mdhamini wa kwanza, Dokta Mwaluko, amejibu.
Wa pili yuko safarini.
Atajibu. Amesema atajibu.

Jina la kwanza, kama lilivyo kwenye cheti.
Naandika Sechelela.
Mfumo unakataa, kwa wino mwekundu na adabu:
taarifa hazilingani.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Sechelela.
Cha kidato cha nne kinasema Secherera.
Karani wa shule kule Mvumi
alinisikia kwa masikio ya kwao,
akapiga muhuri, akaenda kunywa chai.
Kwetu hiyo r hatuna.
Bibi yangu mpaka anaingia kaburini aliita redio "ledio",
na ledio ikamwitikia kila usiku
kwa taarifa ya habari.

Nimewahi kuwaambia wateja, kwa sauti ya mtu aliyeshiba,
nenda kwa wakili, kaape kwamba wewe ndiye wewe.
Elfu ishirini na muhuri.
Nami niliapa. Karatasi hii hapa:
majina yote mawili ni ya mtu mmoja, yuleyule.
Nimeiskani mara tatu. Mfumo hausomi viapo,
unahesabu herufi:
s na s, e na e, c na c, h na h, e na e,
l na r,
hapo unasimama
kama punda aliyeona daraja.

Naruka. Nashuka chini:
Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia tatu,
kwa nini unataka kusoma kozi hii.

Miaka miwili nilikuwa na rasimu safi,
teknolojia, maendeleo, ushindani wa dunia.
Rasimu hiyo nimewauzia watu, naijua bei yake.
Naifuta yote.

Naandika: Nataka kuipa mashine sikio.
Ijue kwamba l na r, kwetu,
ni ulimi uleule umegusa mahali pamoja.
Kwamba umbali kati ya majina mawili
haupimwi kwa herufi zilizobadilika tu;
kuna aliyeita, kuna aliyeandika,
na kuna aliyekuwa na haraka.
Data ninayo. Imo kwenye kaunta buku chini ya meza,
wateja mia mbili na sita
walioambiwa hawalingani na nafsi zao:
Lehema na Rehema, Chilewa na Chirewa,
mzee wa Bahi ambaye mafao yake
yamekwama kwenye herufi moja
tangu mvua za mwaka juzi.

Maneno mia tatu na moja.
Nafuta "sana".

Umeme unakatika, unarudi. Nilikuwa nimehifadhi;
kazi hii imenifunza kuhifadhi kabla ya kuvuta pumzi.
Kwenye jina naandika Secherera,
kwa kuwa yeye ndiye mwenye vyeti,
mimi nina kiapo tu,
nakiambatanisha palipoandikwa "mengineyo".
Tuma.
Hali ya maombi: yanasubiri.

Asubuhi, kabla sijafagia,
mama mmoja, mtoto mgongoni,
anataka fomu ya cheti cha kuzaliwa.
Vidole vyangu vimeshatangulia kwenye kibodi.
Navirudisha.
"Jina la mtoto," namwambia, "hebu liite,
kama utakavyomwita akiwa mbali."